Marika ya Wabukusu na Vita vya Chetambe, 1895

Katika historia ya Wabukusu, jamii inayokaa Kimilili na sehemu nyingine za Bungoma chini ya Mlima Elgon, urafiki wa vijana ulifungwa na rika, yaani kundi la wote waliotahiriwa katika kipindi kimoja. Marika ni manane, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, na kila jina hurudi baada ya takribani karne moja. Waliotahiriwa pamoja huitwa bakoki, na wajibu kati yao hudumu hadi kifo, kiasi kwamba mtu haruhusiwi kumwoa binti wa mwenzake wa rika, kwa kuwa huyo huhesabiwa kuwa binti yake mwenyewe.

Tohara ndiyo iliyokuwa mtihani wa kwanza wa ushujaa. Mvulana aliyezunguka kwa jamaa akigonga chinyimba, yaani kengele za chuma za kutangazia tohara yake, alipelekwa mtoni alfajiri, akapakwa tope baridi mwili mzima, akarudishwa kwa nyimbo hadi uani kwa baba yake, kisha akasimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho, maana kujikunja kidogo tu kungeuaibisha ukoo mzima. Aliyevuka hapo alihesabiwa mwanamume, na ulinzi wa boma ukawa juu yake na wenzake.

Maboma hayo yalikuwa vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, na msafiri Joseph Thomson aliyakuta mwaka 1883. Yalijengwa kuzuia mikuki na wizi wa mifugo, wala si mizinga. Mwaka 1895, baada ya kikosi kidogo kilichotumwa na Waingereza kutoka Mumias kudai bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu kuangamizwa, maofisa wa Kiingereza Charles Hobley na William Grant waliongoza jeshi la askari wa Kisudani, Waganda na wasaidizi wengine, lililokuwa na mzinga wa Hotchkiss na bombomu la Maxim, yaani bunduki inayomimina risasi mfululizo. Boma la Lumboka lilianguka kwanza, ndipo waliosalia wakajikusanya Chetambe, karibu na Webuye ya leo, ambako vijana walisimama pamoja na wazee, wanawake na watoto ndani ya ukuta uleule. Kushindwa kwao hakukutokana na uhaba wa ujasiri. Silaha hazikulingana hata kidogo. Wengi waliuawa, mifugo ikatekwa, na wanawake na watoto wakachukuliwa mateka.

Utawala wa kikoloni ukamweka Murunga, ndugu wa Nabongo (yaani mfalme) Mumia wa Wanga, kuwa chifu huko Kimilili, jambo lililowauma Wabukusu kwa muda mrefu. Vita vya Pili vya Dunia vilipotaka vijana kwa nguvu, Elijah Masinde, mzaliwa wa Kimilili na mwanasoka mashuhuri, alipinga uandikishaji huo, akafungwa, kisha akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipoachiliwa, mnamo Septemba 1947 aliwaongoza maelfu ya wafuasi wa Dini ya Msambwa, vuguvugu lake la kidini, hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi hao huko Malakisi, watu 11 wakafa. Dini yao ikapigwa marufuku, na Masinde akahamishiwa Lamu.

Wanaoandika habari za Chetambe wamehesabu sana bunduki na ng'ombe. Inafaa sasa wayaandike marika yaliyosimama ukutani, kwa majina yake, wakianzia kwa wazee wa Kimilili wanaoyajua.