Kabla Hujainua Gogo la Mnazi: Historia Fupi ya Kiungo cha Trekta



Kama una shamba la minazi hapa Mafia, unajua kwamba mnazi mzee ukianguka kazi ndiyo kwanza inaanza. Gogo likiachwa lioze shambani, chonga hutaga humo, na chonga wazima wanaotoka humo hupanda minazi mingine na kutoboa moyo wake. Ndiyo maana sisi wa ugani hatuchoki kusema magogo yaondolewe. Zamani uliita vijana, ukatafuta kamba na miti ya kuviringishia. Siku hizi wapo wanaokodi trekta lenye mikono ya kunyanyulia mbele, likafungwa makucha ya chuma ya kukamata magogo. Kazi ya siku nzima inakuwa ya saa chache.

Lakini makucha yakichomoka mikono ikiwa juu, gogo bichi la mnazi halichagui pa kuangukia. Kwa hiyo leo naomba nikueleze makucha hayo yalivyofika pale mbele ya trekta. Ukiijua historia yake, utajua pa kutazama kabla dereva hajaanza kunyanyua.

Kwanza, kamba

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa thamani ya kiungo. Mtepe, chombo cha wazee wetu, ulishonwa mbao kwa mbao kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma, na ukasafirisha mizigo baharini. Mpaka leo nahodha hatweki tanga kabla ya kuangalia henza, maana anajua kamba hiyo ikikatika foromali inashuka juu ya vichwa vya watu. Hasemi, "Jana ilikuwa nzima." Anaitazama leo.

Kongwa, 1947: mashine na mnyororo

Trekta lilipoingia nchini kwetu kwa wingi, lilikuja na Mpango wa Karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka pori la Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa zaidi ya ekari milioni 3 za karanga. Mashine nyingi zilikuwa mitumba ya vita, nyingine zikitoka Ufilipino, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Pori likazishinda. Mizizi ilikuwa migumu, udongo ulikula vyuma, na mashine nyingi ziliharibika kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, baada ya mamilioni ya pauni kupotea.

Njia mojawapo waliyotumia kuangusha miti ilikuwa kufunga mnyororo mzito kati ya mashine mbili na kuuburuta porini. Mnyororo ni kiungo rahisi, na mpaka leo tunautumia. Lakini mnyororo unavuta tu. Hauwezi kulishika gogo na kulipanga juu ya gogo jingine. Na ukikatika ukiwa umekaza, unarudi kwa kasi na kumpiga aliye karibu.

Ferguson na mikono mitatu ya nyuma

Hata kabla ya hapo, Ulaya na Marekani walikuwa wakihangaika na tatizo jingine. Matrekta ya mwanzo yalivuta plau kwa nyuma kama ng'ombe anavyovuta mkokoteni. Plau likinasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikainuka, na trekta likampindukia dereva. Watu wengi walikufa hivyo.

Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland ya Kaskazini, alitumia miaka mingi kutafuta dawa. Mwaka 1936 matrekta yenye mfumo wake yalianza kuuzwa: mikono mitatu ya nyuma inayonyanyuliwa kwa mafuta ya haidroliki, ikishika plau kama sehemu ya trekta lenyewe. Plau likinasa, ule mkono wa juu unasukuma pua ya trekta chini badala ya kuiacha ipae. Mwaka 1946 lilianza kutengenezwa trekta lake dogo la TE20 mjini Coventry, Uingereza, na mpaka 1956 yalikuwa yametoka zaidi ya 500,000. Massey Ferguson unayoifahamu imebeba jina lake, na karibu kila trekta unaloliona leo lina mikono yake mitatu.

Ferguson aliondoa hatari moja kubwa. Lakini kila kifaa sasa kilikaa kwenye pini. Pini ikivaliwa, au mtu akiweka kipande cha nondo badala yake, mfumo wote hauna maana.

Kiungo cha haraka

Mwaka 1957, huko Rothsay, Minnesota, Marekani, ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, walimtengenezea mfugaji wa batamzinga kipakizi kidogo cha kusafishia mabanda. Kutokana na mashine hiyo vikaja vipakizi vya Bobcat. Mwaka 1970 Bobcat walileta sahani ya kufungia vifaa kwa haraka: unaegesha mashine, sahani inaingia kwenye mdomo wa kifaa, unashusha wenzo mbili, na pini zinapita kwenye matundu ya chini. Dereva akaweza kubadilisha koleo kwa makucha kwa dakika chache, bila nyundo. Sahani za namna hiyo zikahamia pia kwenye mikono ya mbele ya matrekta ya shamba.

Hapa ndipo penye somo. Zamani kufunga kifaa kulichukua muda, na fundi aliigusa kila bolti kwa mkono wake. Sasa kunachukua dakika, na pini zimejificha chini ambako dereva akiwa kwenye kiti hazioni. Wenzo unaweza kuonekana umeshuka, lakini mchanga au kutu ikazuia pini isipite kwenye tundu lake. Makucha yataning'inia kwa mdomo wa juu tu, yatainuka vizuri kabisa, halafu yatachomoka yakiinamishwa na mzigo. Urahisi uliondoa jasho, ukaileta hatari mahali pasipoonekana.

Kwa hiyo, fanya hivi

1. Pima kabla ya kununua. Sahani za viungo si za aina moja. Mfanyabiashara unayeleta makucha kutoka bara, linganisha vipimo na picha za sahani ya trekta lako kwanza. Mzigo ukishavuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, kuurudisha ni hasara yako.

2. Safisha sahani, matundu na pini. Chumvi ya bahari yetu inaleta kutu upesi, kwa hiyo paka grisi mara kwa mara.

3. Funga ukiwa mahali tambarare. Ukishafunga, zima injini, shuka, uinamie chini na uone kwa macho kwamba kila pini imetokeza upande wa pili wa tundu lake. Kusikia "tak" hakutoshi.

4. Jaribu kwa kukandamiza. Inamisha makucha mbele, uyakandamize ardhini taratibu mpaka magurudumu ya mbele yawe mepesi. Kama sahani inaachana na kifaa, hujafunga.

5. Kabla ya kuunga au kutoa mipira ya haidroliki, shusha mikono chini, zima injini, kisha sogeza wenzo za kuongozea ili kuondoa presha. Futa mchanga kwenye ncha zake. Usitafute uvujaji kwa kidole, maana mafuta yenye presha hupenya ngozi. Tumia kipande cha boksi. Mafuta yakimpenya mtu, mpeleke hospitali hapohapo hata kama kidonda ni kidogo.

6. Weka uzito nyuma. Zamani trekta liliinuka pua. Ukibeba gogo mbele, linainuka mkia. Funga uzito kwenye ile mikono mitatu ya Ferguson.

7. Shika gogo katikati, litembeze likiwa chini karibu na ardhi, na mtu yeyote asipite chini ya mikono.

Kama trekta si lako, umelikodi tu, bado gogo ni lako, na vijana waliosimama pembeni ni wa kijiji chako. Mwombe dereva azime injini, mwiname pamoja mzitazame hizo pini. Akikwambia ana haraka, mwambie utamlipa baada ya kuziona. Nahodha anayeangalia henza hajawahi kuitwa mwoga.