Walipodhani Waganda Watakwisha

Kila takwimu mpya za uzazi zinapotolewa Uganda, huzuka kauli ileile: kwamba kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii wanawake wameanza kuzaa watoto wachache. Utaisikia redioni, utaisikia kanisani na msikitini, na kwa masikitiko utaikuta hata katika maandishi ya wasomi. Imejengwa juu ya sura ya bibi wa zamani aliyezaa kumi bila kuhesabu, na mjukuu wake wa Kampala anayekomea kwa watatu. Takwimu zenyewe sina ugomvi nazo. Utafiti wa kitaifa wa 1988/89 ulikuta wastani wa watoto zaidi ya saba kwa kila mwanamke. Ule wa 2016 ukakuta 5.4, na ule wa 2022 ukakuta 5.2. Kwa Kampala peke yake, hesabu ya 2016 ilikuwa 3.5. Ugomvi wangu ni na hayo maneno matatu, "mara ya kwanza".

Anayeyaamini apande kilima cha Mulago aulize hospitali ile ilianzaje. Haikuanza kama hospitali ya rufaa ya taifa. Ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa, na serikali ya kikoloni ilikubali kutoa fedha zake kwa sababu ilikuwa imeshikwa na hofu kwamba Waganda, watu wa Buganda, hawazai, kwamba wanaozaliwa hawaishi, na kwamba baada ya vizazi vichache hatabaki mtu wa kulima pamba wala wa kulipa kodi ya nyumba. Hospitali kubwa kuliko zote nchini ni mtoto wa hofu ya nchi kukosa watoto.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Buganda ilikuwa imepita katika vita vya dini vya miaka ya 1880 na 1890, kisha njaa na maradhi ya mifugo, kisha malale, ambayo kuanzia 1900 iliua watu zaidi ya laki mbili kando ya ziwa, Buganda na Busoga. Yeyote aliyesafiri ufukweni mwaka 1906 aliona migomba isiyo na mwenyewe. Swali lilikuwa moja: kwa nini nchi haijazi upya watu wake? Jibu likaja kutoka kwa askari.

Kanali F. J. Lambkin alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza, bingwa wa kaswende ya wanajeshi, na tayari alikuwa na mchanganyiko wake wa zebaki wa kudunga kwa sindano. Alifika Uganda mwaka 1907. Mwaka uliofuata alitangaza kwamba katika Buganda watu kama 80 kwa kila 100 walikuwa na kaswende, na kwamba ugonjwa huo ndio uliokuwa ukiua zaidi ya nusu ya watoto wachanga. Kwa maelezo yake, kaswende ilikuwa moto mpya katika nyasi kavu: taifa lisilowahi kuijua lilikuwa likiteketea.

Nimeisoma hoja yake mara nyingi, na kila mara nasimama palepale. Alijuaje? Kijidudu cha kaswende kilikuwa kimegunduliwa 1905, miaka miwili tu kabla ya safari yake. Kipimo cha damu cha Wassermann kilikuwa cha 1906. Lambkin alitegemea macho yake, vidonda alivyoonyeshwa, na maneno ya machifu na wamisionari. Na hata angekuwa na maabara kamili isingemsaidia, kwa maana kijidudu cha kaswende na kijidudu cha buba chini ya hadubini ni mapacha, na kipimo cha Wassermann hujibu "ndiyo" kwa vyote viwili. Aliyekitambua kijidudu cha buba, mwaka huohuo wa 1905 huko Ceylon, alikuwa Aldo Castellani, Mwitaliano ambaye miaka michache nyuma alikuwa Entebbe akichunguza malale. Msomaji wa pwani aliyekulia kijiji ambacho wazee wake walikuwa na makovu ya buba hahitaji kuelezwa zaidi: buba hushika watoto, hupita kwa kugusana kidonda, na haina uhusiano wowote na kitanda cha mtu.

Lambkin hakuishia kwenye hesabu. Alitaja na mkosaji. Zamani, alisema, mwanamke wa Kiganda aliishi nyuma ya ua wa matete, chini ya ulinzi na adhabu kali; Ukristo ukaja ukamfungulia, sheria za zamani za kuwaadhibu wazinzi zikafutwa, na uhuru huo ndio uliosambaza maradhi. Wamisionari walikasirika, Dakta Albert Cook wa hospitali ya Mengo akiwa miongoni mwao, kwa kuwa lawama iligusa dini yao. Ila angalia walichokikataa na walichokiacha. Waliitetea dini. Mwanamke wa Kiganda hawakumtetea. Kwamba yeye ndiye chanzo, hapo wote walikubaliana: kanali, mmisionari na chifu.

Chifu alikuwa na sababu zake. Baada ya Mkataba wa 1900 kati ya Uingereza na Buganda, ardhi ya maili iligawiwa kwa wakubwa, na wanawake wengi walianza kuhama: kutoka kwa waume, kutoka kwa shangazi, kwenda mjini au kwenda kupanga kibanja chao. Luganda lina neno kwa mwanamke wa namna hiyo, nakyeyombekedde, aliyejijengea mwenyewe. Watawala wa Kiganda, wakiongozwa na Katikkiro, yaani waziri mkuu, Apolo Kagwa, walitaka kumrudisha. Ripoti ya daktari mzungu iliyosema kwamba uhuru wake ni ugonjwa iliwafaa kuliko hotuba yoyote. Mwaka 1913 ilipatikana sheria ya kuwalazimisha watu kupimwa na kutibiwa, na machifu ndio waliowakusanya. Mwaka 1918 ikafuata sheria ya Buganda ya kuadhibu uzinzi na uasherati. Anayesoma sheria hizo mbili pamoja haoni tena mpaka kati ya kliniki na baraza la kesi.

Basi watu walipangwa mistari, wakakaguliwa, wakadungwa. Zebaki ilikuwa tiba chungu, iliyohitaji sindano nyingi kwa muda mrefu, na wengi walikimbia kabla ya kumaliza. Ofisa wa afya aliyeandika kwamba wamekimbia kwa ujinga anapata subira ndogo kwangu. Nani angebaki, akivuliwa nguo mbele ya watu kwa amri ya chifu?

Sasa naomba kumleta shahidi ambaye hatajwi inavyostahili. J. N. P. Davies alikuwa mtaalamu wa patholojia hapo hapo Mulago, mtu aliyepasua maiti nyingi kuliko ripoti zote za Lambkin. Mwaka 1956 alichapisha katika jarida la Shirika la Afya Duniani makala juu ya historia ya kaswende nchini Uganda. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba ugonjwa ule ulioonekana kila mahali mwanzoni mwa karne haukuwa mgeni wala haukuwa wa zinaa. Ulikuwa ugonjwa wa kale wa utotoni, unaoambukizwa nyumbani kwa kugusana. Aliyeupata akiwa mtoto alibaki na kinga fulani. Kadiri usafi na matibabu vilivyoupunguza, ndivyo watu wazima walivyobaki bila kinga hiyo, na hapo ndipo kaswende ya zinaa ilipopata nafasi. Magonjwa ya jamii ya buba, tena, kwa kawaida hayamfikii mtoto tumboni. Kama Davies yuko sahihi, basi ile sentensi ya Lambkin kuhusu watoto wachanga inaanguka, na pamoja nayo msingi wa sheria nzima.

Makala hiyo ingepaswa kufundishwa katika kila darasa la uuguzi Uganda.

Hata hivyo nitakuwa simtendei haki msomaji nikisema hofu yote ilikuwa ndoto ya wakoloni. Wapo wanaosema hivyo, na ni kosa la upande wa pili. Mwaka 1952 Audrey Richards na Priscilla Reining waliwahoji wanawake wa Buganda na wa Buhaya, ng'ambo ya mpaka upande wa Bukoba, juu ya uzazi wao. Walikuta uzazi mdogo kweli, na wanawake wengi waliofika utu uzima bila mtoto hata mmoja. Mwanahistoria Shane Doyle, katika kitabu chake cha 2013, amelinganisha Buganda, Buhaya na Ankole kuanzia 1900 hadi 1980, akaonyesha kwamba magonjwa ya zinaa yalishusha uzazi katika hizo mbili za kwanza. Kisonono, ambacho Lambkin hakukipa uzito, ndicho kinachoziba mirija ya uzazi kimyakimya. Penisilini ilipoenea miaka ya 1940 na 1950, uzazi ulipanda. Bibi yule aliyezaa kumi, ambaye leo tunamchukua kama mfano wa "tangu zamani", mara nyingi ni mtu wa miaka hiyo. Mama yake huenda alikuwa na wawili, au alilia ugumba.

Kwa hiyo palikuwa na maumivu ya kweli, yakapewa jina lisilo lake, na tiba ikaelekezwa kwenye mwenendo wa mwanamke badala ya mwili wake.

Katika hadithi hiyohiyo mna sura ninayoipenda. Katharine Cook, muuguzi, mke wa Dakta Albert, alisimamia shule ya wakunga pale Namirembe iliyoanza mara tu baada ya Vita Kuu ya kwanza, na ambayo ilichukua jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Fedha zake zilitoka katika hofu ileile ya kaswende. Wasichana walilindwa kama watawa, wasije wakaolewa au wakapotoka. Wakufunzi waliwadharau wakunga wa jadi, abalerwa, na dawa zao za mitishamba kama emmumbwa, ile ya udongo ambayo wajawazito wa Kiganda wanaitumia mpaka leo. Sitetei dharau hiyo. Lakini wasichana hao walihitimu, wakapelekwa vituo vya uzazi mashambani, wakasoma kitabu cha ukunga kwa Luganda, wakalipwa mshahara. Mpango uliobuniwa kumrudisha mwanamke nyuma ya ua ulizalisha wanawake wa kwanza wa Kiganda wenye taaluma, funguo na mshahara wao wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo ripoti hazikuliuliza: Waganda wenyewe walisema nini kuhusu kupanga uzazi? Walikuwa na neno obwosi, maradhi ya mtoto anayedhoofika kwa sababu mama yake amepata mimba nyingine mapema. Msomaji wa Tanzania atalitambua mara moja. Ndiyo maana ya mtoto kubemendwa. Mtoto alinyonya miaka miwili au zaidi, na wazazi waliomharakisha walionewa aibu. Madaktari wa Mulago walioshughulika na kwashiorkor, utapiamlo wa watoto, katika miaka ya 1950, Hugh Trowell akiwa mmoja wao, walikuwa wakitazama watoto ambao mama na bibi zao tayari walikuwa na maelezo yao. Mwaka 1965 kikaanzishwa kituo cha lishe cha Mwanamugimu kilimani hapo, na walau safari hiyo jina lilitoka katika lugha ya akina mama. Mazungumzo ya uzazi wa mpango yalipokuja na vidonge na sindano, yaliletwa kama habari mpya kutoka nje, ilhali kutenganisha watoto kulikuwa wajibu wa kale.

Uhuru ulipofika 1962 hospitali mpya ya Mulago ilifunguliwa, na hofu ikageuka upande. Sensa ya 1969 ilihesabu watu milioni 9.5, ya 1991, milioni 16.7; ya 2024, milioni 45.9. Walioogopa Waganda watakwisha wakarithiwa na wanaoogopa nchi itajaa watu. Miaka ya Amin na ya UKIMWI ina wanahistoria wake, nami siiingii hapa, isipokuwa kusema kwamba UKIMWI ulipozuka, mwanamke aliyejijengea mwenyewe aliitwa tena mshitakiwa, kwa maneno ambayo Lambkin angeyatambua.

Tangu 2018 kilima kina hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga, yenye vitanda 450. Ugumba ni mojawapo ya matatizo inayoyashughulikia. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayeutafuta ujauzito, na mwenzake anayesema watatu wametosha, wanaweza kukutana foleni moja, na hakuna hata mmoja wao aliyevunja mila.

Mwendo mfupi kutoka foleni hiyo iko maktaba ya kitabibu yenye jina la Sir Albert Cook. Humo yamehifadhiwa madaftari ya wagonjwa wa Mengo tangu 1897, mwaka hospitali ile ilipofunguliwa: mgonjwa mmoja mmoja, kwa mwandiko wa mkono, miaka kumi kabla kanali hajateremka na hesabu yake. Davies na wenzake waliyafungua kutafuta historia ya saratani. Kutafuta historia ya mama wa Kiganda ndani yake ni kazi inayosubiri wanawake wa Uganda wanaosoma tarihi sasa hivi, pale Makerere, kilima cha jirani.