Dawa ya Baridi Katika Nchi ya Joto

Maji yanayotoka kwenye rejeta iliyosahauliwa miaka mingi hufanana na chai ya rangi iliyolala. Fundi anapolegeza koki ya chini na kuyapokea kwenye beseni, hutoka mazito, ya kahawia, yenye chembe zinazozama taratibu. Yakiachwa yatulie, chini ya beseni hubaki tope jekundu. Tope hilo si vumbi la barabarani. Ni kutu, ni injini yenyewe, iliyokuwa ikiliwa kidogo kidogo kwa ndani huku nje gari likioshwa na kung'arishwa kila Jumapili.

Mwenye gari akishauriwa aweke kulanti badala ya maji ya bomba, mara nyingi huuliza: hiyo si dawa ya nchi za barafu? Dodoma au Mombasa barafu itoke wapi? Swali lake lina mizizi, maana kimiminika hicho kweli kiliingia sokoni kwa ajili ya baridi. Historia ya namna kilivyohama kutoka kwenye theluji hadi kwenye jua kali ndiyo yenye jibu.

Mwanzoni kulikuwa na maji tu. Injini ya petroli hugeuza sehemu ndogo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Takriban theluthi moja hutoka na moshi, na karibu theluthi nyingine hubaki kwenye chuma kama joto ambalo lazima liondolewe. Gari la Karl Benz, lililopewa hataza mwaka 1886, liliondoa joto hilo kama sufuria isiyo na kifuniko: maji yalichemka, yakawa mvuke, yakapotea hewani. Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alichukua gari la aina hiyo pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Wengi hukumbuka kwamba alinunua mafuta kwenye duka la dawa katika mji wa Wiesloch. Lakini mafuta hayakuwa shida yake pekee. Injini ilikuwa na kiu isiyokatika, na ilibidi inyweshwe maji tena na tena njiani.

Kiu hiyo ilipunguzwa na mhandisi Wilhelm Maybach. Katika Mercedes ya nguvu farasi 35, iliyotengenezwa mwishoni mwa mwaka 1900 na kutamba mwaka uliofuata, aliweka rejeta iliyofanana na sega la nyuki: mirija midogo 8,070, kila mmoja ukiwa na upana wa milimita 6, iliyounganishwa pamoja ili upepo upenye katikati na maji yazunguke pembeni. Lita 9 za maji zilitosha, kwa kuwa sasa yalipoozwa na kurudishwa kazini badala ya kumwagwa kama mvuke. Rejeta za leo bado zinafuata wazo hilohilo. Ford Model T, iliyouzwa kwa zaidi ya magari milioni 15 kati ya 1908 na 1927, ilirahisisha mambo zaidi. Nyingi hazikuwa hata na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe kwenda juu ya rejeta, yakapoa, yakashuka.

Kisha ikaja baridi. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na chuma cha injini hakina pa kukimbilia; hupasuka. Madereva wa Marekani na Ulaya walimwaga maji ya rejeta kila usiku na kuyajaza upya asubuhi. Wengine walijaribu asali, sukari na chumvi. Walioweka spiriti waligundua kwamba injini ikipata moto spiriti huwahi kuruka na kuwaachia maji matupu. Mwaka 1927 kampuni ya Marekani, Union Carbide, ilianza kuuza Prestone, iliyotengenezwa kwa ethilini glaikoli, kimiminika ambacho wanakemia walikijua tangu karne ya 19. Nusu glaikoli na nusu maji haigandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Jina lililoandikwa kwenye mikebe likawa dawa ya kuzuia kuganda, na mpaka leo jina hilo ndilo linalowafanya wengi waamini kwamba haiwahusu.

Lakini glaikoli ina upande wa pili. Peke yake huchemka kwenye nyuzi 197 za Selsiasi. Waliouchangamkia upande huo mapema walikuwa wahandisi wa ndege. Injini za mwanzo za Rolls-Royce Merlin, zilizorusha Spitfire, zilitumia glaikoli tupu ili ziweze kufanya kazi zikiwa na joto kubwa kuliko maji yanavyoruhusu, na hivyo kubeba rejeta ndogo isiyoburuta hewa. Baadaye walihamia mchanganyiko wa asilimia 70 za maji na 30 za glaikoli, wakiubana kwa shinikizo usichemke. Gari la kisasa linatumia hesabu ileile: kimiminika kilichochanganywa, yaani kulanti, chini ya mfuniko unaobana.

Jangwani kulikuwa na jibu jingine. Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyevuka majangwa ya Misri na Libya kwa magari ya Ford miaka ya 1920 na 1930, hakuweza kumudu kupoteza hata kikombe kimoja cha maji. Aliziba tundu la kumwagia mvuke, akapeleka mrija kutoka kwenye rejeta hadi chini ya kopo lililojazwa maji nusu, likafungwa ubavuni mwa gari. Rejeta ilipochemka, mvuke uliingia kwenye kopo na kugeuka maji. Dereva aligeuza gari lielekee upepo na kusubiri. Injini ilipopoa, kopo liligugumia na maji yakavutwa yote kurudi yalikotoka. Kikosi alichokiunda mwaka 1940, Long Range Desert Group, kilipigana vita vya jangwani kwa magari yenye makopo hayo.

Afrika Mashariki ilikuwa na kopo lake: dumu la utingo. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta ya kusini, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya. Barabara ilikuwa ya vumbi na tope, na walioipita waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la Tazama lilipofunguliwa mwaka 1968 mzigo ulipungua, lakini milima ilibaki palepale. Kwenye Kitonga, baada ya Ruaha Mbuyuni, lori lenye shehena hupanda kwa gia nzito: injini inafanya kazi ya juu kabisa huku upepo unaopita kwenye rejeta ukiwa mdogo kabisa. Hapo ndipo gari huchemsha. Utingo hushuka na jiwe la kuzuia tairi mkono mmoja na dumu mkono wa pili. Kiswahili cha mtaani husema aliyeshindwa amechemsha, na dereva wa lori hahitaji kufafanuliwa.

Lakini dumu lile, lililookoa safari nyingi, liliziumiza injini. Maji baridi yakimiminwa ghafla kwenye chuma cha moto, chuma huweza kupasuka. Maji ya kisima chenye chumvi, ya pwani au ya nchi kavu, huacha ukoko uleule unaoonekana ndani ya birika, na ukoko huzuia joto kutoka. Na injini zenyewe zilibadilika. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, ilikuwa na silinda hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma cha kusubu. Alumini ni nyepesi na hupoteza joto haraka, lakini ikizidiwa na moto hupinda upesi, gasketi ikaungua. Zaidi ya hayo, alumini, chuma na shaba vikikutana kwenye maji yenye chumvi huwa kama betri: metali moja huliwa ili nyingine ipone.

Kuzuia madhara hayo ndiyo kazi ya kulanti kwenye nchi ya joto. Ndani yake mna viambato vinavyoweka utando mwembamba juu ya metali na kuzuia ulaji huo. Viambato huisha. Kulanti za zamani, nyingi za kijani, zilihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Zile za asidi za kikaboni zilizoenea tangu miaka ya 1990 huweza kudumu hadi mitano. Glaikoli iliyochoka hugeuka kuwa na asidi, na kuanza kula kile ilichowekwa kukilinda. Rangi haimwambii mtu aina, kwa kuwa kila kiwanda huchagua yake. Kitabu cha gari ndicho cha kufuata, na aina tofauti hazichanganywi.

Kwa mwenye subira, kazi hii inafanyika uani asubuhi moja. Injini lazima iwe imepoa kabisa, kwa maana mfuniko wa rejeta unaweza kushikilia maji ya nyuzi 120 ambayo yakifunguliwa hulipuka kuwa mvuke na kubabua uso. Koki inafunguliwa, maji ya zamani yanapokelewa yote. Rejeta inajazwa maji safi, koki imefungwa, injini inawashwa huku hita ikiwekwa kwenye joto la juu ili mirija yake nayo isuuzike. Inazimwa, inapoa, maji yanamwagwa. Hurudiwa mpaka maji yatoke meupe. Kisha huwekwa kulanti na maji yaliyochujwa chumvi, nusu kwa nusu, na injini huachwa ingurume mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu ya hewa yakome.

Maji ya zamani yaliyo kwenye beseni hayamwagwi kwenye mtaro wala chini ya mwembe. Glaikoli ni tamu, na mbwa, paka hata mtoto huweza kuilamba. Mwilini hugeuka chembe kali zinazoharibu figo, na kiasi kidogo huua. Itiwe kwenye dumu lenye kifuniko na maandishi, ipelekwe gereji inayokusanya oili chafu.

Jioni gari likizungushwa mtaani na kurudi likiwa la moto, kiwango kwenye tangi dogo jeupe lililo kando ya injini huwa kimepanda. Asubuhi kimeshuka. Usiku kucha, injini ilipokuwa inapoa, rejeta ilikuwa inavuta kilicho chake kupitia mrija mwembamba, kama kopo la Bagnold. Mwenye gari huongeza kidogo mpaka kwenye alama, hufunga boneti, na kutia kalamu tarehe ya siku hiyo kwenye kitabu cha gari.