Ufuasi wa dawa: kuzifuata na kuzimeza

Katika kliniki za kifua kikuu mjini Moshi na kwenye zahanati za mlima Kilimanjaro, mgonjwa hukutana na istilahi *ufuasi wa dawa*. Imeundwa kubeba neno la Kiingereza adherence, na maana yake ya kitaalamu ni kutumia dawa zote ulizoandikiwa, kwa kipimo na kwa muda uliopangwa, baada ya wewe na mhudumu wa afya kukubaliana.

Tatizo ni kwamba kitenzi chake, kufuata, kina kazi nyingine. Mtu wa Kibosho akisema, "Kesho nakwenda hospitali ya Mawenzi kufuata dawa," ana maana ya kwenda kuzichukua. Kwa hiyo mgonjwa anayehudhuria kila tarehe ya kadi anaweza kuamini kwamba ufuasi wake umekamilika, kumbe vidonge vimelala kabatini.

Kumeza hadi mwisho kuna sababu. Wiki za mwanzo dawa huua vimelea wengi, homa hushuka na uzito huanza kurudi. Mgonjwa hujiona amepona. Lakini wapo vimelea waliojibanza mapafuni, wanaozaana polepole mno, na dawa huchukua miezi kuwamaliza. Ndiyo maana matibabu ya kawaida ya mtu mzima ni miezi 6: miwili ya rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Anayekatisha huwapa waliosalia nafasi ya kuongezeka, na wale wanaohimili dawa ndio hutamalaki. Huo ndio usugu. Hospitali ya Kibong'oto wilayani Siha, iliyoanzishwa mwaka 1926, ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, enzi ambazo tiba hiyo ilizidi mwaka mmoja na nusu, pamoja na sindano zilizoweza kumharibia mtu masikio.

Ufuasi humlinda jirani pia. Kifua kikuu cha mapafu husafiri hewani, mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya, na tiba sahihi hupunguza uambukizaji ndani ya wiki chache. Wapo wanaoogopa kupokezana kata ya mbege, pombe ya ndizi, na mgonjwa. Hatari haiko kwenye kata. Iko kwenye chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ya mlimani, watu wakivuta hewa ileile kwa saa nyingi. Mbege yenyewe ina neno lingine: pombe na dawa hizi kwa pamoja huelemea ini.

Zamani aliyekatisha tiba aliitwa mtoro, kama mwanafunzi aliyekimbia shule. Jina hilo humtupia mgonjwa lawama yote kabla hajaulizwa kitu. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977, hutoa dawa bure, lakini nauli ya kushuka kutoka migombani si bure. Mchimbaji wa madini kule Mererani huhama akifuata riziki. Mwingine huona mkojo umegeuka rangi ya chungwa, akaacha dawa kwa hofu, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba rifampisini hufanya hivyo na rangi hiyo haina madhara. Tangu mwaka 2006 Tanzania ilipoanza kumruhusu mgonjwa achague kumezea dawa nyumbani, akiwa na msaidizi wa matibabu aliyemteua mwenyewe, ufuasi umekuwa kazi ya watu kadhaa.

Basi istilahi hii ibaki, ila ifundishwe kwa maana zake zote mbili: kuzifuata na kuzimeza. Muuguzi akiuliza, "Mama, dawa umefuata?" atajibiwa ndiyo. Aulize hivi: "Jana ulimeza vidonge vingapi, na kipi kinakupa shida?" Naye mgonjwa anayetaka kusafiri aombe mapema uhamisho wa matibabu, apokelewe kliniki ya huko aendako bila kukosa hata dozi moja.