Ukumbi Uliojengwa kwa Ada ya Mazishi

Beltsville haina meya. Haina baraza la mji, wala fungu la fedha la mji kwa ajili ya utamaduni. Ni eneo la makazi katika Kaunti ya Prince George's, jimbo la Maryland, kaskazini-mashariki mwa Washington, na sensa ya mwaka 2020 ilikuta humo watu wapatao 20,000. Wanaoijua Beltsville huijua zaidi kwa kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali ya Marekani, kilichoanza mwaka 1910, na kwa aina ya bata mzinga mdogo mweupe aliyepewa jina la mahali hapo. Si mji wa wanamuziki wala wa waigizaji mashuhuri. Lakini historia yake na ya majirani zake inajibu swali linalotusumbua sana sisi wa Afrika Mashariki, nyumbani na ughaibuni: sanaa ya mtaani hudumishwa na nani? Jibu linalotoka haraka ni serikali au mfadhili. Ushahidi wa Beltsville unaonyesha mwingine kabisa. Sanaa ya mtaani hudumishwa na chama chenye mfuko wake na paa lake, na mara nyingi chama hicho kilianzishwa kwa jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na sanaa.

Jengo la kuanzia liko Beltsville, Old Muirkirk Road, na linaitwa Abraham Hall. Ni nyumba ya mbao, upana wake mdogo na paa lake limechongoka, bila mapambo ya kumsimamisha mpita njia. Lilijengwa mwaka 1889 na chama kilichojiita Wana na Mabinti wa Abrahamu, chama cha kusaidiana cha Waamerika Weusi. Wanachama wake walikuwa watu wa Rossville, kijiji cha hapo kilichopata jina kwa Augustus Ross, mmoja wa wanunuzi wa mwanzo wa viwanja katika miaka ya 1880. Wengi walikuwa vibarua wa tanuri la chuma la Muirkirk, lililojengwa mwaka 1847. Prince George's ndiyo iliyokuwa na watumwa wengi kuliko kaunti zote za Maryland, na utumwa ulifutwa jimboni humo Novemba 1864. Miaka 4 tu baadaye, mwaka 1868, Weusi wa Muirkirk walikwishaanzisha kanisa lao la Kimethodisti, Queen's Chapel. Kwa hiyo yamkini wengi wa waliojenga ukumbi ule walikuwa ama wameonja utumwa wenyewe, ama wamezaliwa na walioonja. Fedha yao ilikuwa ya ujira wa kuchimba madini na kulisha tanuri.

Kwa nini watu wa kipato kile wajenge ukumbi? Sababu ya kwanza ilikuwa ugonjwa na kifo. Makampuni ya bima ya zama hizo ama yaliwakataa Weusi ama yaliwapunja waziwazi: mwaka 1881 kampuni moja kubwa ya Marekani ilitangaza kwamba itawalipa warithi wa mteja Mweusi pungufu kwa theluthi moja ya anacholipwa Mzungu kwa ada ileile. Vyama vya kusaidiana vikaziba pengo hilo. Mwanachama alitoa ada yake kidogokidogo. Akiugua, mfuko ulimtazama, na akifa alizikwa kwa heshima. Tunavijua vyama hivi. Kwetu vinaitwa vya kufa na kuzikana. Lakini chama cha mazishi kinahitaji mahali pa kukutania, na ukumbi ukishajengwa haukai mtupu siku zote ambazo hakuna msiba. Abraham Hall ilitumika kwa mikutano ya chama, kwa ibada, kwa darasa la watoto na kwa hafla za kijiji. Vyama vya aina hiyo kote Marekani vilitunisha mfuko kwa karamu za jioni, kwaya, gwaride la wanachama waliovaa mikanda na nishani zao, na mnada wa keki na vitu vilivyoshonwa na akina mama. Kilichoanza kama njia ya kutafuta fedha kikazaa waimbaji, washonaji na wasemaji wa jukwaani, kwa sababu kila mwaka palikuwa na tarehe, hadhira na chumba.

Msomaji wa pwani hatashangaa, maana njia hii imepitiwa hata kwetu. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyotokea pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea hadi bara, vilikuwa na wafalme, vyeo na sare, na mashindano ya Arinoti na Marini yaliigawa mitaa ya Dar es Salaam na miji mingi ya Tanganyika. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, alionyesha kwamba nyuma ya tarumbeta kulikuwa na kazi ya kusaidiana: mgeni wa mji alipokelewa, mgonjwa alitazamwa, maiti alizikwa. Ngoma ilikuwa sura ya nje ya chama, na chama ndicho kilichoifanya ngoma irudi mwaka baada ya mwaka.

Mfano mzito zaidi ni taarabu ya Zanzibar, nao unafaa kwa sababu una pande zote mbili za hoja. Taarabu ilianza ikulu. Sultani Barghash alimtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, na kwa miongo kadhaa ilikuwa burudani ya wakubwa. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, klabu ya wanachama wanaokutana kwa hiari yao na kujiendesha. Januari 1964 Mapinduzi yaliuondoa usultani, na muziki wa ikulu ukafa pamoja na ikulu. Klabu ilipita katika misukosuko mingi, jina likabadilishwa, lakini ipo mpaka leo, imevuka karne nzima. Mfadhili mkubwa kuliko wote kisiwani aliondoka kwa siku moja. Kikundi cha wanachama kikabaki. Ushahidi wa nguvu kuliko huo ni adimu.

Hata hivyo yupo atakayepinga kwa mfano ulio kando kabisa ya Beltsville, na upinzani wake una uzito. Jirani wa Beltsville ni Greenbelt, mji uliojengwa na serikali ya Rais Roosevelt wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Familia za kwanza zilihamia Oktoba 1937, katika nyumba 885 zilizopangwa kuzunguka bustani, maduka na shule. Humo serikali haikusubiri mchango wa mtu. Jumba la sinema lilifunguliwa mwaka 1938. Mchongaji Lenore Thomas alilipwa na serikali kuchonga katika mawe ya chokaa, kwenye ukuta wa mbele wa shule, picha za kusimulia Utangulizi wa Katiba ya Marekani. Ukizitazama kwa karibu huoni majenerali wala marais: unaona watu wa kazi, miili mizito, mikono minene, wamebanana ndani ya fremu ya jiwe kana kwamba nafasi haiwatoshi. Ni kazi nzuri sana, na hakuna chama cha vibarua ambacho kingeweza kuigharamia. Basi, atasema mpinzani, serikali ilifanya kwa mwaka mmoja kile ambacho Rossville haikukifanya kwa miaka 50.

Ni kweli, na mtu asiibeze. Lakini tutazame mambo mawili. La kwanza ni nani aliyealikwa. Weusi walikuwa miongoni mwa vibarua walioijenga Greenbelt, ila nyumba zilikodishwa kwa Wazungu peke yao. Mpango wa awali ulikuwa na sehemu ya wakulima Weusi upande wa Rossville, nao ukafutwa. Sanaa ya serikali ilikuja na masharti ya serikali, na watu wa Abraham Hall wakabaki na ukumbi wao. La pili ni kilichotokea serikali ilipojitoa. Mwaka 1952 nyumba ziliuzwa, na waliozinunua wakazimiliki kwa njia ya ushirika. Miaka 3 baadaye, 1955, wakazi walianzisha tamasha la Siku ya Wafanyakazi, mwezi Septemba, ili kuchangisha fedha za jengo la vijana. Muziki, gwaride na vibanda vya chakula, shabaha ikiwa ni jengo. Yaani Greenbelt yenyewe, mtoto wa serikali, ilipolazimika kusimama kwa miguu yake iliingia katika njia ileile ya Rossville. Tamasha hilo bado linafanyika. Mwaka 1979 ukaundwa mkusanyiko wa waigizaji wa kujitolea, Greenbelt Arts Center, na mwaka 1995 mkahawa wa ushirika, New Deal Cafe, ambao wenyeji wanaumiliki na wanapiga muziki humo. Shule yenye michongo ya Lenore Thomas sasa ni nyumba ya jamii, na kila Desemba ndani yake hufanyika soko la sanaa na kazi za mikono. Wanaouza ni mafundi wenyewe, na kazi zao hupitiwa na jopo kabla ya kupewa meza: vyungu, vito, nguo zilizofumwa. Serikali ilijenga kuta, sawa. Waliozijaza ni wanachama.

Desemba hiyohiyo ina sikukuu nyingine inayotuhusu zaidi. Kwanzaa ilianzishwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya ghasia za mtaa wa Watts, na katika kaunti yenye Weusi wengi kama Prince George's ina nafasi yake kati ya Desemba 26 na Januari 1. Waswahili wengi huipita kwa tabasamu, wakiiona ni desturi ya kutungwa iliyokopa maneno yetu. Nadhani tunakosea, maana mpangilio wa siku zake una busara. Ujima, kazi ya pamoja, ni siku ya tatu. Ujamaa, uchumi wa pamoja, ni ya nne. Kuumba, siku ya sanaa, ni ya sita. Aliyeipanga aliiweka sanaa baada ya kazi na mfuko, na akasisitiza zawadi ziwe kitabu na vitu vilivyotengenezwa kwa mkono kuliko vya dukani. Rossville ya mwaka 1889 ilikwishaishi kwa utaratibu huo kabla ya kuandikwa na mtu yeyote.

Upo upinzani wa pili, nao ni mgumu kuliko wa Greenbelt. Vyama hivi vilikufa. Bima ilipofunguka, tanuri la Muirkirk lilipozima na vijana wakatawanyika, ada zilikauka. Aliyeiokoa Abraham Hall mwishoni mwa karne ya 20 ni mamlaka ya umma ya bustani na mipango, iliyoikarabati kwa fedha ya umma na kuweka humo ofisi ya mpango wake wa historia ya Weusi. Mwaka 2005 jengo liliingizwa katika rejista ya taifa ya mahali pa kihistoria. Je, si serikali iliyoshinda mwishoni? Mimi naona kinyume. Fedha ya umma ilifika baada ya miaka 100 hivi, ikakuta kitu cha kukarabati kwa sababu watu maskini walikwishanunua ardhi, wakajenga, wakatunza. Vijiji ambavyo havikuwa na jengo havikupata ukarabati; vimebaki jina katika ramani za zamani. Serikali ni mrithi mzuri, na hakuna ubaya kuidai itimize wajibu wake kwa kuwa wananchi wanalipa kodi. Lakini mrithi huhitaji urithi.

Wengine husema sanaa ya kuchangisha fedha huwa dhaifu, inambembeleza mtoa mchango. Wanaosema hivyo hawajakaa kwenye onyesho la taarabu wakaona kutuza kunavyofanya kazi. Mama anainuka na noti yake mkononi, anapita mbele ya wote hadi kwa mwimbaji, na kila mtu ukumbini anajua amemtuza kwa ubeti upi na kwa nini. Msikilizaji anayetoa fedha yake mwenyewe ni hakimu mkali. Mwimbaji aliyezembea huuona uzembe wake kwa noti zisizokuja.

Hili linawagusa moja kwa moja Watanzania, Wakenya, Wakongo na Waganda waliojaa vitongoji vya Maryland, baadhi yao dakika chache tu kwa gari kutoka Old Muirkirk Road. Tuna vyama. Mtu akifariki, ujumbe husambaa usiku huohuo, na ndani ya siku chache hupatikana maelfu ya dola za kumsafirisha hadi Dar es Salaam, Kisumu au Goma. Hakuna jamii inayotushinda katika hilo. Lakini tukitaka kufanya maonyesho ya vikoi na vinyago mwezi Desemba, usiku wa taarabu au mchezo wa kuigiza kwa watoto waliozaliwa huku, tunakodi ukumbi wa hoteli au wa kanisa la watu, tunalipa, tunafagia, tunatoka. Mwaka unaofuata tunaanza upya, na mara nyingi hatuanzi. Mfuko tunao ila paa hatuna, na miaka inapita.

Viongozi wa vyama vya Waswahili wa Washington na Maryland, katika mkutano mkuu ujao wekeni ajenda moja ya ziada: sehemu ya ada ya kila mwanachama iende kwenye ununuzi wa jengo, hata likiwa dogo, hata likichukua miaka 10. Kabla ya kupiga kura, nendeni mkaione Abraham Hall. Vibarua wa tanuri la chuma waliweza.