Walioonyesha Kisichokuwapo: Sakawa, McQuarrie na Mawe ya Tabaka

Kabla Kisii, magharibi mwa Kenya, haijawa mji, palikuwa Getembe, na Getembe palijulikana kwa maneno ya Sakawa. Simulizi za Abagusii zinaeleza kwamba mwonaji huyo aliwakusanya watu akawaonyesha kwa mkono: hapa patasimama hospitali, pale watakaa polisi, kule litajengwa gereza. Wakati huo hapakuwa na Mzungu aliyekuwa amejenga hata kibanda katika nchi hiyo. Jeshi la Waingereza lilikuja mwaka 1905, na mwaka 1907 wakafungua kituo chao papo hapo Getembe. Januari 1908 Mgusii aliyeitwa Otenyo alimchoma mkuki ofisa wao, Northcote, na Abagusii wakalipizwa kisasi kikali. Septemba 1914, Waingereza walipouacha mji kwa muda mbele ya Wajerumani, wako walioona kwamba sehemu nyingine ya unabii imewadia: wageni wanaondoka. Waliporudi, Sakawa hakusahaulika. Jina lake liliendelea kuwakusanya watu miaka mingi baada ya yeye mwenyewe kutoweka.

Kinachonishika katika simulizi hii ni aina ya kazi aliyoifanya. Mtu anasimama mahali patupu, ananyoosha mkono, na wanaokuja baadaye wanaishi ndani ya picha aliyowaachia. Katika sinema, hasa zile za bunilizi ya kisayansi, kazi hiyo ina watu wake. Ni wachoraji wanaoitwa kabla kamera haijanunuliwa filamu, kabla fundi hajapiga msumari, ili waonyeshe sura ya kitu ambacho hakuna aliyekiona. Katika historia yote ya kazi hiyo sijui aliyeacha alama ndefu kuliko Ralph McQuarrie.

Alizaliwa mwaka 1929 Gary, Indiana, nchini Marekani. Alipigana vita vya Korea, akapigwa risasi ya kichwa, akapona. Baadaye aliajiriwa na kampuni ya ndege ya Boeing kuchora michoro ya kiufundi, kisha akachora picha za kueleza safari za Apollo kwa watazamaji wa televisheni ya CBS. Nazitaja kazi hizi kwa sababu ndizo zilizomlea. Mtu aliyezoea kuchora jinsi kipande kimoja cha ndege kinavyoshikana na kingine hawezi kuchora chombo cha anga kama pambo tu. Lazima ajue mlango unafunguka wapi na rubani anakaa wapi.

Mwaka 1975 mwongozaji George Lucas alimpa kazi ya kuchora hadithi ambayo viongozi wa studio walikuwa wakiisoma bila kuielewa. McQuarrie akawapelekea picha: roboti wawili wamesimama jangwani, watu wawili wanapigana kwa panga za mwanga. Picha hizo ndizo zilizosaidia kuishawishi 20th Century Fox kutoa fedha. Star Wars ilitoka mwaka 1977.

Katika picha hizo kuna jambo moja dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote. McQuarrie aliposoma kwamba Darth Vader, adui mkuu wa hadithi hiyo, atavuka kutoka chombo kimoja hadi kingine katikati ya anga tupu, alijiuliza swali ambalo mtoto yeyote wa kijijini angeuliza: atapumuaje? Akamvalisha kifaa cha kupumulia usoni. Lucas alikipenda, na kinyago kilichochorwa kwa ajili ya safari ile fupi kikawa uso wa mhusika, na sauti ya pumzi zake ikawa sehemu ya nafsi yake. Mchongaji Brian Muir alikifinyanga kwa udongo huko Uingereza, akakipa uzito na kivuli. Mimi nilikiona kinyago hicho mara ya kwanza katika kibanda cha video Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapopakana, katika kanda iliyochakaa ambayo sauti yake ilikuwa ikikatika. Nusu ya waliokuwamo hawakufuata Kiingereza. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba huyu ni wa kuogopwa.

Pumzi hiyo ilikuja kuwa na nduguye huku kwetu. Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi ya dakika kama 20, akaiita Pumzi. Watu wake wanaishi wamefungiwa ndani baada ya vita vya maji, na hata jasho lao linakusanywa na kusafishwa ili linyweke tena. Sidai kwamba Kahiu alimwiga McQuarrie; hofu yake ya ukame ni ya Afrika Mashariki. Lakini wote wawili walijenga dunia nzima kutokana na swali la mwili: nitapumua nini, nitakunywa nini.

McQuarrie alifariki Machi 2012. Ngome aliyomchorea Vader zamani, wakati wa maandalizi ya filamu ya Star Wars ya 1980, ilikaa kwenye karatasi hadi ilipojengwa katika Rogue One, filamu nyingine ya Star Wars, ya mwaka 2016. Mwenye mkono alikuwa kaburini miaka 4.

Tabaka, huko Mugirango Kusini, kazi inakwenda kwa njia nyingine. Jiwe la Kisii linatoka machimboni likiwa jeupe, la waridi au la kijivu, laini kiasi cha kukatika kwa panga. Mwanamume analichonga, mara nyingi wanawake ndio wanaolisugua kwa msasa na maji mpaka ling'ae. Karatasi haihitajiki. Umbo la watu waliokumbatiana, lile linalouzwa kila duka la watalii nchini, mtu fulani alilifikiria mara ya kwanza, jirani akalitazama, akachonga lake, na mtoto wa jirani akajifunza kwa babaye. Jiwe lenyewe ndilo mchoro. Umbo hilo limefika Ulaya na Marekani, lakini jina la aliyelianza halikusafiri nalo.

Wachache wameokoka usahaulifu huo. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO mjini Paris, na mwaka 2014 alikwenda Washington kwenye tamasha la utamaduni la Smithsonian, akachonga tembo mbele ya umati. Alama ya mkono wake inaonekana hata kwa vijana ambao hawajawahi kumwona akifanya kazi: katika jinsi wanavyoliachia jiwe unene wake, katika mstari mmoja mrefu unaotoka shingoni hadi mkiani. Vijana hao jioni huvifunga vindege vyao kwenye magazeti, na kuvipanga katika maboksi ya kwenda Nairobi, na chini ya kila kindege, pale ambapo jina lingeweza kuchongwa, pamesuguliwa pakawa laini.