Uwezo wa Kuondoa Joto: Istilahi ya Kuchagulia Kiyoyozi cha Trela la Farasi

Kila kiyoyozi kinachouzwa kina namba inayoambatana na herufi BTU: 9,000, 12,000, 13,500. Wauzaji na mafundi wetu huitaja namba hiyo kwa majina mbalimbali. Kuna wanaosema ukubwa, wanaosema nguvu na wanaosema uwezo wa kupoza. Makala haya yanapendekeza jina moja, uwezo wa kuondoa joto, na yanalijaribu mahali ambapo uchaguzi mbaya huonekana upesi: chumba cha kuishi ndani ya trela la farasi nchini Marekani.

Wapanda farasi wa Texas, Oklahoma na majimbo ya jirani husafiri na wanyama wao kwenda kwenye mashindano ya rodeo, na wengi hulala ndani ya trela hilohilo. Farasi husimama nyuma. Mbele, upande wa pili wa ukuta, kuna jiko dogo, bafu na meza, na kitanda hukaa kwenye pua ya trela inayopanda juu ya bodi ya pikapu. Ganda aghalabu ni la alumini, madini yanayopitisha joto haraka mno. Siku za Julai ambapo kivuli chenyewe kina nyuzi 38 za Selsiasi, chumba kama hicho hakikaliki bila kiyoyozi.

BTU moja ni joto linalotosha kupandisha paundi moja ya maji, karibu gramu 454, kwa nyuzi 1 ya Farenhaiti. Kwenye kiyoyozi namba hiyo huhesabiwa kwa saa, hata kama neno saa halikuandikwa. Kipimo kingine cha ukoo huo ni tani ya ubaridi, kilichorithiwa kutoka enzi za biashara ya barafu. Tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani kilo 907, ikiyeyuka kwa saa 24 hufyonza joto la BTU 12,000 kila saa. Ndiyo maana mafundi hukiita kiyoyozi cha BTU 12,000 kiyoyozi cha tani moja.

Kiyoyozi hakizalishi baridi. Gesi iliyomo kwenye mabomba yake hufyonza joto la chumbani inapogeuka kutoka kimiminika kuwa mvuke, kisha kompresa huikandamiza na joto hilo hutemwa nje. Kiyoyozi cha paa cha BTU 13,500 huhamisha joto la takriban kilowati 4 huku kikitumia umeme wa kilowati 1.5 hivi. Hapo ndipo jina nguvu linapopotosha, kwa kuwa mnunuzi huzichanganya hesabu mbili zilizo mbali. Jina ukubwa nalo lina hitilafu yake: vya BTU 13,500 na vya BTU 15,000 kwa kawaida hufungwa kwenye tundu lilelile la paa, inchi 14 kwa 14. Uwezo wa kupoza si kosa, ila humwacha mtu akiwaza ubaridi anaoutaka. Uwezo wa kuondoa joto humlazimisha aulize joto lenyewe linaingilia wapi na kwa kasi gani. Baharia anayefua maji chomboni hufanya hivyohivyo: hutafuta kwanza mahali panapovuja.

Hebu tulijibu swali hilo kwa trela letu la mfano. Mlango mkubwa wa kuingizia joto ni paa linalopigwa na jua mchana kutwa. Yanafuata madirisha, kisha mbavu za chuma au alumini zinazokiuka kihami joto na kulifikisha joto ndani. Kila mtu aliyetulia hutoa wati 100 hivi, na jiko huongeza lake. Ukuta wa upande wa farasi pia una uzito, kwa kuwa wanyama hao hutoa joto na unyevu mwingi. Mlango wa ukuta huo uzibwe vizuri, na farasi waachiwe matundu yao ya hewa safi. Paa likiwekewa kihami kinene na madirisha yakifunikwa, BTU 13,500 kwa kawaida hutosha chumba kifupi. Chumba kirefu katika jimbo la joto kali huhitaji 15,000, au viyoyozi viwili.

Kuzidisha nako kuna hasara. Kiyoyozi kikubwa kupita kiasi hufikisha nyuzi zilizowekwa kwa dakika chache, kikazima kabla hakijakausha hewa, na wenyeji wakabaki kwenye ubaridi wenye unyevu. Karibu na Houston, ambako hewa ni nzito kama ya pwani yetu, kasoro hiyo huonekana zaidi kuliko katika jangwa la Arizona.

Umeme ndio unaoweka mpaka wa mwisho. Plagi ya ampea 30 kwa volti 120 hutoa wati 3,600, na kiyoyozi kimoja peke yake hula ampea 12 hadi 15. Ukiwasha na maikrowevu na hita ya maji kwa pamoja, sakiti breka hukata. Viyoyozi viwili huhitaji huduma ya ampea 50. Anayetegemea jenereta akumbuke kwamba kompresa hudai umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka. Kifaa cha kulainisha mwanzo huo husaidia sana jenereta ndogo. Mwinuko nao hupunguza nguvu ya jenereta kwa karibu asilimia 3 kila mita 300. Mjini Denver, kwenye mita 1,600 hivi, upungufu unakaribia asilimia 16.

Napendekeza basi vitabu vya ufundi, vyuo vya ufundi stadi vya VETA na maduka yetu yaandike uwezo wa kuondoa joto, ukifuatiwa daima na maneno kwa saa, na umeme unaotumika uandikwe kwenye mstari wake. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa anayetafuta kiyoyozi cha chumba cha bati ana hesabu ileile ya mpanda farasi wa Texas. Azibe njia za joto kwanza, apime linalobaki, atazame umeme alionao, ndipo achague namba.